Kadi ya Picha kwa Kompyuta Kuukuu ya Shule

Huenda mwalimu mpya akapangiwa shule ambayo kompyuta yake ya pekee ilikwisha kutumika ofisini kwa miaka mingi. Kompyuta ya namna hiyo huandika barua vizuri. Lakini mwalimu anapotaka kuwaonyesha watoto filamu ya mapigo ya moyo, au kulizungusha tufe la dunia katika skrini, picha hukwama. Papo hapo husemwa: tununue kadi ya picha. Fedha za shule ni chache, na kadi isiyofaa ni hasara, kwa hiyo yapasa kupima kwanza.

Kompyuta isiyo na kadi ya picha huchora kwa kutumia sehemu maalumu iliyomo ndani ya prosesa, nayo sehemu hiyo huazima kumbukumbu ya kompyuta, yaani RAM. Ikiwa mna kipande kimoja tu cha RAM, katika kompyuta nyingi kuongeza cha pili kilicho sawa nacho hufungua njia mbili za kupitishia habari badala ya moja, na picha hupata nafuu kwa gharama ndogo. Mwalimu na aanze hapo.

Kama bado kadi yahitajika, jambo kubwa ni umeme. Tundu la kadi katika ubao mkuu, liitwalo PCI Express x16, huweza kuipa kadi wati 75, basi. Kadi itakayo zaidi huhitaji waya wa ziada kutoka katika pawasaplai, na kompyuta za ofisi aghalabu hazina waya huo. Tena pawasaplai zake mara nyingi zina umbo la pekee, hata kuzibadili ni taabu. Mwenye fedha kidogo atafute kadi isiyovuka wati 75, kama GeForce GT 1030 ya mwaka 2017, itumiayo wati 30 hivi, au GTX 1650 ya mwaka 2019, katika matoleo yasiyohitaji waya wa ziada. Kasha likiwa jembamba, hutakiwa kadi fupi yenye kibati kifupi. Rula ya darasani yatosha kupimia. Na kwa maoni yangu hili ni somo zuri la Hisabati, watoto wapime kasha na kujumlisha wati wenyewe.

Jihadharini na majina. GT 1030 iliuzwa kwa jina moja katika aina mbili: yenye kumbukumbu ya GDDR5, ipitishayo gigabaiti 48 kwa sekunde, na ile ya mwaka 2018 yenye DDR4, ipitishayo 17 hivi tu. Hapana budi kusoma maandishi madogo ya kisanduku.

Kuifunga si kazi kubwa. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, gusa chuma cha kasha ili umeme tuli ukutoke mwilini, kisha isukume kadi mpaka ikae imara, ukaze skrubu. Waya wa skrini uchomekwe katika kadi, si katika tundu la zamani. Wengi hulisahau hilo wakadhani kadi ni mbovu. Na kama projekta ya shule ina tundu la VGA tu, bei ya kigeuzi iingizwe katika hesabu tangu mwanzo, nacho kiwe chenye saketi ndani, kwa maana waya mtupu hauwezi kuigeuza ishara ya HDMI.