Mgawo wa Breki: Kutoka Gari la Kompyuta Hadi Bodaboda ya Kaka

Msinicheke. Makala haya yanahusu mchezo wa kompyuta, lakini chanzo chake ni gunia la maembe lililomwagika barabarani.

Ilikuwa mwezi wa Machi. Kaka yangu, ambaye ni mwendeshaji wa bodaboda hapa kwetu Ndera, alikuwa amenipakia pamoja na gunia hilo tukielekea Garsen. Tulipokuwa kwenye lami, mbuzi akakatiza ghafla. Kaka akakanyaga breki ya nyuma kwa nguvu zake zote. Gurudumu likakwama, pikipiki ikaenda upande upande kama nyoka, na chini tukafika. Breki ya mbele haikuwepo! Mwaka uliotangulia alibwagwa mchangani akiwa ameishika, basi akaufungua waya wake na kuapa kwamba hataki kuiona tena. Mimi nilichubuka kiwiko tu. Yeye alivunjika mguu, akakaa nyumbani miezi miwili, na pesa zangu za chakula cha shuleni zikakaa naye.

Mwezi wa Agosti nikaenda Malindi kwa binamu yangu. Huyu ana kompyuta iliyounganishwa na usukani na pedali, na mchezo wa mbio za magari ambao ndani yake mna Safari Rally, yale mashindano yetu ya Kenya yaliyoanza mwaka wa 1953 na kurudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka wa 2021 huko Naivasha. Nikakalia kiti. Kona ya kwanza tu, nilipokanyaga breki, gari likageuka likatazama nilikotoka.

"Hii gari yako ni mbovu," nikamwambia.

"Si mbovu, nimeiwekea breki nyingi nyuma. Ngoja."

Akafungua ukurasa wa matengenezo na kunionyesha mstari mmoja. Wachezaji huuita breki bayasi. Mimi nitauita mgawo wa breki. Chukua nguvu yote ya breki uifanye 100. Je, ngapi ziende magurudumu ya mbele na ngapi ya nyuma? Yeye alikuwa ameweka 45 mbele na 55 nyuma. Akasogeza hadi 80 mbele. Sasa gari halikuzunguka tena, lakini nilipokata usukani kushoto lilikwenda moja kwa moja hadi kwenye mwiba, kama ng'ombe aliyeona maji. Tulipofika 60 na kidogo, likaanza kunisikia.

Hebu sasa nieleze sababu, kwa maana hapa ndipo penye utamu. Umewahi kusimama ndani ya matatu, dereva akashika breki bila taarifa? Abiria wote mnakwenda mbele. Gari lenyewe nalo hufanya hivyo hivyo: uzito huegemea magurudumu ya mbele, na ya nyuma hubaki mepesi. Gurudumu lililokandamizwa hushika barabara vizuri, kwa hivyo linaweza kupewa breki nyingi. Lile jepesi ukilipa breki nyingi hukwama, likaacha kuzunguka na kuanza kuburutwa. Yakikwama ya nyuma, mkia wa gari huteleza na kutaka kulipita kichwa. Yakikwama ya mbele, usukani unakuwa pambo tu, maana gurudumu lisilozunguka halikati kona. Ndiyo sababu watengenezaji wa magari ya kawaida huhakikisha ya mbele ndiyo yanayotangulia kukwama: afadhali gari linyooke kuliko lizunguke.

Kwenye vumbi mambo hubadilika kidogo. Gari halisimami kwa ukali kama kwenye lami, kwa hivyo uzito unaohamia mbele ni mchache, na dereva wa mbio anaweza kurudisha sehemu ya breki nyuma. Tena yeye hutaka mkia uteleze kidogo ili pua iingie konani. Kalle Rovanperä, aliyeshinda Safari mwaka wa 2022 na 2024, alikuwa akienda ubavu kwa makusudi. Kaka yangu alikwenda ubavu bila kupenda.

Niliporudi nilichukua baiskeli nikaenda uwanja wa shule, ardhi ngumu, kasi ile ile kwa kadiri nilivyoweza. Kwa breki ya nyuma peke yake nilisimama baada ya hatua 11. Kwa ya mbele, nikiibana taratibu (ukiibana ghafla utaruka juu ya usukani, usijaribu), hatua 6. Zote mbili pamoja, 5.

Nikampelekea kaka hesabu hiyo. Akaniambia, "Wewe mtoto, mimi nimeanguka na hiyo breki, wewe umeisoma kwa tivii." Nami nikamkubalia kwamba mchangani alikuwa na haki. Pale gurudumu la mbele likikwama huku umekata usukani, unalala chini kabla hujasema lolote. Kosa lake ni kuichukua sheria ya mchanga na kuipeleka kwenye lami. Nikamwongezea kwamba akipakia abiria wawili au magunia, uzito huwa mwingi nyuma, na breki ya nyuma husaidia zaidi kuliko akiwa peke yake. Lakini hata siku ile na gunia letu haikutosha.

Alinyamaza wiki nzima. Kisha nikaona waya mpya. Sasa kwenye lami hubana ya mbele kwa vidole viwili huku akikanyaga ya nyuma, na tukikaribia mchanga namwona akiviondoa vidole mapema. Tunachobishania bado ni matope. Anataka nimpe mgawo wa udongo mweusi wa mvua, na mimi sina, kwa sababu udongo ule hujaa kwenye madigadi hadi gurudumu linakwama lenyewe bila breki yoyote. Hapo tunashuka sote wawili na kusukuma.