Cardiff City Ladies: timu ya kartye iliyofungua mlango wa mpira wa wanawake Wales

Tarehe 9 Julai 2025, kwenye uwanja wa St. Gallen nchini Uswisi, Jess Fishlock alitia mpira wavuni mbele ya Ufaransa. Mwamuzi wa pembeni akainua bendera kwamba ameotea. Wachezaji wa Wales wakasubiri, macho yote kwa mwamuzi wa kati aliyekuwa akisikiliza wenzake wa video. Mwishowe jibu likatoka: goli ni halali.

Hilo lilikuwa goli la kwanza la wanawake wa Wales katika mashindano makubwa. Fishlock alikuwa na miaka 38, na hakuna mwanamke mwenye umri kama wake aliyewahi kufunga katika Kombe la Ulaya. Ni kweli, Ufaransa ilishinda 4-1. Wales ilikuwa imekwisha kufungwa 3-0 na Uholanzi, na siku nne baadaye ikachapwa 6-1 na England. Ilirudi nyumbani bila pointi hata moja.

Lakini goli hilo lilichukua miaka 50 kufika, na sehemu kubwa ya safari yake inapita ndani ya timu moja ndogo ambayo wengi nje ya Wales hawaijui: Cardiff City Ladies.

Kutoka Llanedeyrn

Wales ni nchi ndogo ndani ya Ufalme wa Uingereza, yenye watu karibu milioni 3, lakini katika mpira ina shirikisho lake na timu yake ya taifa. Mji mkuu ni Cardiff. Upande wa mashariki wa mji huo kuna kartye inayoitwa Llanedeyrn. Hapo ndipo timu ilianza mwaka 1975, ikibeba jina la kartye yenyewe. Baadaye jina lilibadilika mara kadhaa hadi kufikia Cardiff City Ladies.

Mwaka huo haukuwa mbali na wakati wa marufuku. Desemba 1921, viongozi wa mpira wa England walikataza wanawake kucheza kwenye viwanja vya klabu zao, wakidai kwamba mchezo huo hauwafai. Wales nayo ikafuata njia hiyo. Kule Wales katazo liliondolewa mwaka 1970 tu. Wasichana waliokusanyika Llanedeyrn miaka mitano baadaye hawakuwa na dada wakubwa wa kuwaonyesha njia ndani ya klabu. Ilibidi waitengeneze wenyewe.

Timu ya taifa nayo ilikuwa katika hali hiyo hiyo. Mei 1973 wanawake wa Wales walicheza na Ireland mjini Llanelli na kufungwa 3-2, lakini shirikisho, FAW, halikuwahesabu kuwa watoto wake. Kwa karibu miaka 20 iliyofuata, timu ya taifa iliendeshwa na wanawake wenyewe kwa nguvu zao.

Wanawake watatu waenda kubisha hodi

Mwaka 1992 wachezaji watatu walichoka kungoja. Michele Adams, Karen Jones na Laura McAllister, wote wenye mizizi katika klabu ya Cardiff, walikwenda kumwona katibu mkuu wa FAW, Alun Evans. Ombi lao lilikuwa wazi: shirikisho liwapokee wanawake kama linavyowapokea wanaume. Evans aliwasikiliza, na shirikisho likakubali.

Mwanzo haukuwa mtamu. Katika mechi za kufuzu za Euro 1995, Wales ilichapwa 12-0 na Ujerumani. Mwaka 2003 shirikisho likaiondoa timu ya wanawake katika mechi za kufuzu za Euro 2005, kwa sababu ya pesa. Mlango ulikuwa umefunguliwa, ila ungeweza kufungwa tena siku yoyote ambayo sanduku lilipungua.

Kucheza kwa jirani

Nyumbani hakukuwa na ligi ya taifa ya wanawake. Ndiyo maana Cardiff ilikwenda kucheza katika ligi za England. Mwaka 2006 ilishika nafasi ya kwanza katika kanda ya kusini na kupanda daraja la juu kabisa la wakati ule, lililokuwa na Arsenal, Everton na Chelsea. Kwa mechi ya Sunderland peke yake, safari ya kwenda ilipita kilomita 450. Timu hiyo ilistahimili misimu miwili, kisha ikashuka mwaka 2008.

Wakati huo huo ilikuwa ikikusanya Kombe la Wales, na kombe hilo ndilo lililotoa tiketi ya kwenda Ulaya. Hivyo timu iliyoanzia Llanedeyrn ikaiwakilisha Wales katika Kombe la Ulaya la klabu za wanawake.

Mwaka 2009 Wales ilipata ligi yake ya wanawake. Ilikuwa habari njema kwa nchi, lakini kwa Cardiff ilikuja na gharama. Klabu ilibaki upande wa England, ambako ushindani ulikuwa mkali zaidi, huku tiketi ya Ulaya ikihamia kwa bingwa wa ligi mpya. Swansea City ndiyo iliyokuwa bingwa wa kwanza.

Leo katika mji huo huo kuna timu mbili za wanawake zenye karibu jina moja. Cardiff City FC Women iko chini ya klabu kubwa ya wanaume, nayo ilitwaa ubingwa wa Wales msimu wa 2022-23. Cardiff City Ladies ni klabu inayojitegemea, haina tajiri wa kiume nyuma yake. Mgeni anaweza kuzichanganya. Ila kwa umri na kwa kazi iliyofanywa, mama wa nyumba anajulikana.

Mavuno

Fishlock alikuwa na miaka 7 alipomfuata dada yake mkubwa kwenye mazoezi ya likizo yaliyoandaliwa na klabu hiyo. Alikua humo, kisha akaenda Uholanzi, Marekani, Ujerumani na Ufaransa, akabeba Ligi ya Mabingwa wa Ulaya akiwa na Frankfurt na akiwa na Lyon. Mwaka 2017 alikuwa mtu wa kwanza wa Wales, mwanaume au mwanamke, kufikisha mechi 100 za timu ya taifa.

McAllister, aliyekwenda kubisha hodi mwaka 1992, alichaguliwa mwaka 2023 kuingia katika kamati kuu ya UEFA, na ni mmoja wa makamu wa rais wake. Tarehe 3 Desemba 2024, Wales iliifunga Ireland 2-1 mjini Dublin na kupata tiketi ya Uswisi. Ireland ndiyo ile ile iliyowafunga dada zao wakubwa mwaka 1973.

Oktoba 2025 Fishlock aliichezea Wales kwa mara ya mwisho, dhidi ya Australia. Mechi ilipigwa Cardiff, mji ambao mtoto wa miaka 7 alikuta tayari kuna timu ya wanawake inayomngoja.