Je, Wajua? Lori Kuukuu la Jeshi na Injini ya Kuazima

Je, wajua kwamba jeshi lenyewe ndilo lililoanza kubadilisha injini za malori yake? Lori la Kimarekani M35 liliingia kazini mwanzoni mwa miaka ya 1950 na injini ya petroli ya REO, silinda sita. Miaka ya 1960 likatiwa injini ya Continental. Miaka ya 1990 kampuni ya AM General ikayachukua baadhi ya malori hayo, ikayafunga injini ya dizeli ya Caterpillar 3116 na giaboksi ya otomatiki ya Allison, yakaitwa M35A3. Kwa hiyo mtu anayeng'oa injini ya M35 leo na kutia ya Cummins haliharibu lori la kihistoria kama wanavyolalamika baadhi ya watu. Anaendeleza desturi ya lori hilo.

Je, wajua kwamba injini ile ya Continental hunywa karibu kila kinachowaka? Dizeli, mafuta ya taa, mafuta ya ndege, hata petroli ikibidi. Ilijengwa kwa mtindo wa kampuni ya MAN ya Ujerumani: mafuta hupulizwa kwenye ukuta wa shimo la duara lililochongwa juu ya pistoni, yakawaka hatua kwa hatua badala ya kulipuka kwa mara moja. Mgandamizo wake ni 22 kwa 1. Ina ujazo wa lita 7.8, lakini nguvu zake ni kama farasi 140 tu, na lori tupu lina uzito wa karibu tani 6. Turbo yake nayo iliwekwa hasa kupunguza moshi mweusi, si kuongeza nguvu. Kifaa hodari, ila vipuri vyake vinazidi kuadimika, na hapo ndipo wenye malori huanza kutafuta injini nyingine.

Je, wajua kwamba injini za Cummins 4BT na 6BT ni ndugu wa tumbo moja? Kila silinda ina kipenyo cha milimita 102, na pistoni husafiri milimita 120. Nne zinafanya lita 3.9, sita zinafanya lita 5.9. Vipuri vingi vinaingiliana. Ile ndogo ilikuwa ikiendesha magari ya kusambazia mikate huko Marekani. Sasa hupendwa na wenye Dodge M37, lori dogo la jeshi lililotengenezwa kuanzia 1951 hadi 1968 na injini ya petroli ya farasi 78. Ile kubwa iliingia kwenye pikapu za Dodge za mwaka 1989, na humo ndimo wengi huitoa.

Je, wajua kwamba injini yenye nguvu zaidi huenda isiongeze kasi hata kidogo? Hili huwavunja moyo wengi, na inafaa lieleweke kabla ya fedha kutoka mfukoni. Difu za M35 zina uwiano wa 6.72: propela shafti huzunguka mara 6.72 ndipo tairi lizunguke mara moja. Continental hukomea mizunguko kama 2,600 kwa dakika, na hapo, katika gia ya tano, lori linakwenda karibu kilomita 90 kwa saa. Cummins 6BT nayo ni injini ya mizunguko michache, haipendi kukimbizwa. Basi kikomo kinabaki palepale. Utakachopata ni kupanda mlima bila kushuka gia mbili, na hilo ni jambo kubwa ukiwa umebeba mzigo. Lakini anayetaka mwendo lazima abadilishe tairi ziwe kubwa, au giaboksi, au difu.

Je, wajua kwamba kuna namba inayoamua kama injini na giaboksi vitaoana? Ni kipimo cha SAE cha nyumba ya flaiwili, na namba yake huenda kinyume: namba 1 ni kubwa kuliko namba 3. Duara la bolti la namba 1 ni milimita 530, la namba 2 ni 467, la namba 3 ni 429. Zikilingana, kazi ni nyepesi. Zisipolingana, huchongwa sahani ya kuunganisha, na hapo sehemu moja ya kumi ya milimita si kitu cha kupuuza. Sahani ikikaa upande, shafti ya giaboksi inazunguka imepinda kidogo kila mzunguko, na beringi na klachi vinakufa mapema. Ipime kwa saa ya kupimia, usikadirie kwa jicho.

Je, wajua kwamba injini za zamani za Detroit Diesel zilitengenezwa nyingine zikizunguka kulia na nyingine kushoto? Zilihitajika hivyo kwenye boti zenye propela mbili. Ukifunga ya boti kwenye lori bila kuchunguza, utapata gia nyingi za kurudi nyuma na moja ya kwenda mbele.

Je, wajua kwamba Urusi nako hadithi ni hiyohiyo? Ural-375 ilikuwa na V8 ya petroli ya lita 7, farasi 180, na kiu yake ilijulikana nchi nzima. Mwaka 1977 kiwanda cha Miass kikaanza kutoa Ural-4320 yenye dizeli ya KamAZ-740, farasi 210. Kisha Aprili 1993 kiwanda cha injini cha KamAZ kikateketea kwa moto. Miass wakageukia injini za YaMZ kutoka Yaroslavl. V8 ya YaMZ ilikuwa ndefu, ikabidi boneti nayo irefushwe. Ukiona Ural yenye pua ndefu, sababu ndiyo hiyo.

Je, wajua kwamba malori haya hutumia umeme wa volti 24, na injini nyingi za kiraia za Marekani hutumia 12? Staata, altaneta na geji zote zinaguswa. Watu wengi hupanga bajeti ya injini na kusahau waya.

Je, wajua kwamba propela shafti hukatwa upya karibu kila mara? Injini mpya ina urefu wake, giaboksi inasogea, na pembe zinabadilika. Krosi ikizunguka kwa pembe haitoi mwendo ulio sawa: huharakisha na kupunguza mara mbili katika kila mzunguko. Krosi ya pili huufuta mtikisiko huo, mradi pembe zilingane na nira za ncha mbili zikae kwenye mstari mmoja. Zikikosewa kwa jino moja tu, lori linatetemeka hadi dereva anachoka.

Je, wajua ekseli hupokea nguvu kiasi gani? Cummins 6BT ya 1989 hutoa msokoto wa Nm 542. Tuseme gia ya kwanza inazidisha mara 5, na gia nzito ya transfa mara 2, kisha difu mara 6.72. Jibu ni zaidi ya Nm 36,000 zinazogawanywa kwa ekseli. Lori likiwa limekwama kwenye tope na dereva akakanyaga mafuta yote, kitu dhaifu kuliko vyote ndicho kitakachovunjika, na safari hii hakitakuwa injini.

Je, wajua kwamba kadi ya gari Tanzania na logibuku ya Kenya huandika namba ya injini? Injini ikibadilishwa, namba nayo ibadilishwe kwa mamlaka husika. Tunza risiti ya mahali uliponunua.

Je, wajua kwamba breki za toleo la A2 la M35 zina njia moja tu ya mafuta kwa magurudumu yote? Bomba moja likipasuka, breki zote zinaondoka. Upepo unaozisaidia hutoka kwenye kompresa inayoendeshwa na injini, kwa hiyo ukiing'oa injini umeng'oa na msaada wa breki. Nawasihi wote wenye mpango huu: kagua mabomba, badilisha yaliyochakaa, weka silinda kuu ya njia mbili, na hakikisha injini mpya ina kompresa. Fanya hivyo kabla hujaitafuta injini yenyewe.