Kupanda Camelback Mountain Wakati wa Joto

Camelback Mountain ni mlima wa mawe ulio ndani ya jiji la Phoenix, katika jangwa la Arizona, Marekani. Kwa mbali unafanana na ngamia aliyepiga magoti, na ndiyo asili ya jina lake. Kilele chake kiko mita 824 juu ya usawa wa bahari.

Njia ya Echo Canyon haizidi kilomita 2 hivi hadi kileleni, lakini hupanda karibu mita 390. Penye mwinuko mkali zaidi vimewekwa vyuma vya kushikilia. Juu ya hapo, mpandaji hutumia mikono na miguu kupita kwenye mawe makubwa, kando ya dungusi kakati yenye miiba.

Hatari kubwa ni joto. Katika hewa kavu jasho hukauka mara tu linapotoka, hivyo mtu hupoteza maji mengi huku nguo zake zikiwa kavu. Ndiyo maana safari huanza alfajiri, na maji yakifika nusu ya chupa, ni wakati wa kugeuka. Tangu 2021, jiji hufunga njia ya Echo Canyon saa za joto kali siku zinapotolewa tahadhari.

Kupanda na marafiki ni kinga. Kundi hufuata mwendo wa anayechoka upesi, na kila mmoja humwangalia mwenzake. Anayeumwa kichwa, kupata kizunguzungu au kichefuchefu hupumzishwa kivulini, hunyweshwa maji na kupozwa mwili, kisha husindikizwa kushuka. Haachwi peke yake.