Reli Ikipita Karibu, Kikundi Kitafaidika Vipi?

Kwenye mikutano yetu tunasikia watu wakisema, "Reli ikija, ndizi zetu zitapata soko." Yawezekana. Lakini kupitiwa na reli ni jambo moja, na kuhudumiwa na treni ni jambo lingine.

Kisii na Nyamira hazina reli. Iliyo karibu ni ya Kisumu, iliyofika ziwani mwaka 1901. Kutoka Kisumu liko tawi la kwenda Butere kupitia Maseno, Luanda na Yala. Faida ya treni ya namna hiyo ni kusimama stesheni ndogo ndogo. Mama mwenye kikapu hupanda karibu na kwake, akauza mjini, akarudi.

Treni ya safari ndefu si hivyo. Husimama miji michache tu, maana kila kusimama kunakula wakati. Reli ya kisasa, SGR, ilifika upande wa Naivasha mwaka 2019, na mpango wa kuifikisha Kisumu unapitia Narok, Bomet na Nyamira. Basi tusidhani kila kijiji kitakachoiona treni kitaipanda.

Tena, nauli peke yake isitudanganye. Tuchukue mfano wa kufikiria. Kikundi kina mikungu 20 ya kupeleka Kisumu. Pikapu inataka shilingi 3,000 mpaka sokoni. Kwa treni, kufikisha mzigo stesheni ni 1,500, treni 600, na mkokoteni wa kutoka stesheni hadi sokoni 700. Jumla 2,800. Mmeokoa 200, yaani shilingi 10 kwa kila mkungu. Treni ikichelewa na ndizi zikaiva njiani, hiyo 10 imekwisha.

Kwa hivyo, kabla kikundi hakijaweka pesa kwa ajili ya reli, kiulize:

1. Stesheni itakuwa wapi, na barabara ya kufika huko inapitika wakati wa mvua?
2. Treni itapita siku gani na saa ngapi? Siku ya soko iko ndani?
3. Mzigo wa mkulima mdogo utapokelewa, au ni abiria tu?

Liko na jambo la shamba. Wengine watakuja kununua ardhi kwa bei ya chini kabla habari hazijajulikana. Msiuze haraka haraka. Katiba ya 2010 inataka serikali ikichukua ardhi ya mtu imlipe fidia ya haki, kamili na bila kukawia, na kazi hiyo hupitia Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Lakini hapa kwetu hati nyingi bado ziko kwa jina la babu aliyekwisha kufa. Jamaa wakianza kuvutana, malipo hukwama. Afadhali familia ianze mambo ya urithi sasa, reli ije isije.

Jadilianeni haya mkutano ujao, na mweka hazina apige hesabu ya kikundi chenu wenyewe, kutoka shambani mpaka sokoni.