Kabla Hujapaka Rangi Kitanda, Muulize Unayelala Naye

Hebu fungua mlango wa chumba chako cha kulala ukiwa peke yako, ukitazame kama vile wewe ni mgeni. Unaona nini? Mimi niliona masanduku matatu ya safari juu ya kabati, pasi chini ya dirisha, mfuko wa salfeti uliojaa nguo za mtoto zilizombana tangu mwaka juzi, na kitanda chenye rangi iliyobanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua. Meza ya vipodozi kioo chake kilikuwa kimeshikiliwa na gundi ya karatasi. Na sebuleni je? Ah, sebuleni kwetu kuna makochi yenye vitambaa vya kufuma na maua yanayofutwa vumbi kila Jumamosi! Sebule ni ya wageni bwana, chumbani ni kwa wenyewe, na wenyewe tulikuwa tumeshajizoea.

Nikaamua kubadilisha. Mume wangu alikuwa amekwenda Nansio, Ukerewe, kikazi kwa siku tisa. Kitanda kipya cha futi tano kwa sita sikuwa na hela yake, na hata ningekuwa nayo, sisi tunakaa Bwiru, juu kwenye mawe. Wakazi wa Mwanza mnanielewa. Huku samani haziletwi mlangoni kwa gari, zinapanda vichwani mwa vijana wanne, na kila jiwe lina bei yake. Kabati likishaingia ndani ya nyumba ya mlimani, limeingia. Basi nikasema ngoja, nitapaka rangi vilivyopo, baba watoto akirudi akute chumba cha fungate.

Nikaanza na kitanda, na hapo sijutii hata kidogo. Kitanda chetu ni cha paina, tulinunua mwaka ule tulipooana, kikapakwa rangi ya mafuta ile ya damu ya mzee inayong'aa. Paina ni mti mweupe, mwepesi, unaokua haraka, na mwingi tunaouziwa hutoka mashamba ya miti ya Nyanda za Juu Kusini kama Sao Hill kule Mufindi. Hauna sura ya kuringia, kwa hiyo ukiufunika kwa rangi hujamnyima mtu kitu. Shida yake ni wadudu. Kabla hujanunua hata brashi, inama chini ya kitanda uangalie kama kuna unga unga sakafuni na vitundu vidogo kwenye miguu. Ukiviona, ujue umebunguliwa, muite fundi atibu kwanza au abadilishe mguu. Rangi haiponyi mti uliooza.

Nilikifungua kitanda chote. Chaga niliziandika namba kwa penseli ili nisije nikahangaika kuzirudisha (ushauri wa mama mmoja jirani, Mungu ambariki). Nikaosha kila kipande kwa maji na sabuni ya unga, maana rangi haishiki juu ya mafuta ya mikono na jasho la miaka kumi. Nikaacha vikauke siku nzima. Kisha msasa, namba 120 kwanza, halafu 240, nikifuata mkondo wa mti. Hukwangui mpaka mbao ibaki uchi. Unaondoa ule mng'ao tu ili rangi mpya ipate pa kushika.

Lakini hapa nikasimamishwa. Fundi seremala wetu wa Igoma, mzee wa makamo aliyekuja kuniletea puti na praima, alinikuta nasugua chumbani, madirisha yamefungwa, mdogo wangu wa mwisho anachezea vumbi. "Dada yangu, mtoto toa hapa!" Akanieleza kwamba rangi za mafuta za zamani nyingine zilitiwa madini ya risasi ili zikauke upesi na zidumu. Ukisugua kavu, vumbi lake linapeperuka, mtoto analiramba vidoleni. Niliporudi kazini nikasoma zaidi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa ni salama, na kwa watoto hudhuru ubongo unaokua. Kwa hiyo kama huijui rangi ya zamani ilikuwa ya namna gani, fanyia kazi nje, watoto wawe mbali, lowesha msasa kwa maji, vaa kitambaa puani, na lile tope ulikusanye kwenye gazeti ulitupe. Usifagie kavu.

Baada ya hapo kazi ilikuwa rahisi. Puti kwenye matundu ya misumari, msasa kidogo tena, praima mkono mmoja, halafu rangi yenyewe mikono miwili myembamba. Sisitizo ni hilo neno: nyembamba! Wengi tunapaka nene ili tumalize haraka, matokeo yake rangi inachuruzika kama machozi, na ndani haikauki hata kwa wiki. Nilichagua rangi ya maziwa, isiyong'aa sana. Kichwani nilitumia bluu iliyofifia, ile unayoiona ziwani asubuhi ukiwa Capri Point kabla upepo haujaamka. Gharama zote, pamoja na soda ya fundi, hazikufika laki moja.

Nilipaswa kuishia hapo.

Tatizo la brashi ni kwamba ukishaizoea mkono unawasha. Rangi ilikuwa imebaki zaidi ya nusu kopo. Nikageuka nikaliona kabati. Kabati la milango miwili, zito, jeusi-jeusi kwa vanishi ya zamani, lililotoka nyumbani kwa wakwe zangu Ngudu na kufika Mwanza kwa lori mwaka ule baba mkwe alipofariki. Kusema kweli sikuwahi kulipenda. Lilikuwa linameza mwanga wote wa chumba. Nikasema na lenyewe liwe rangi ya maziwa, vifanane.

Milango nikaing'oa, nikaitandika barazani, nikapaka bila praima, maana praima ilikuwa imeisha na mimi nilikuwa na haraka. Ilikuwa jioni, mwezi mwandamo. Mtu wa Mwanza anayesoma hapa ameshaanza kucheka. Vile vijidudu vya ziwani, ambavyo mchana huonekana mbali juu ya maji kama moshi, vinaishi utotoni mwake kwenye tope na maji ya ziwa na hutoka kwa wingi siku za mwezi mwandamo. Taa yangu ya baraza ikaviita vyote. Asubuhi milango ilikuwa na vijidudu maelfu vimeganda kama ufuta juu ya andazi. Kwa hiyo, mwenzangu unayekaa karibu na maji, kuanzia Mwaloni mpaka Bwiru na kote kwenye ufuko huu, tazama kalenda ya mwezi kabla ya kupaka rangi nje. Paka asubuhi, na saa kumi jioni viwe ndani. Kiangazi cha Juni mpaka Agosti ndiyo majira yake. Ukianza kazi hii mvua za Novemba zimeshika, utabaki unalala sebuleni.

Nikakwangua vijidudu, nikarudia kupaka. Siku ya pili madoa ya kahawia yenye wekundu yakachomoza juu ya weupe, kama mtu amemwaga chai. Nikarudia tena. Yakarudi tena.

Mume wangu alifika jioni hiyo hiyo. Alikiona kitanda, akatabasamu, akapapasa ile bluu. Kisha akageuka. Hakugomba. Ningeshukuru kama angegomba. Aliuliza tu, kwa sauti ya chini, "Kabati la mzee umelifanya nini?" Akaenda kulala chumba cha watoto, akasema ni kwa sababu ya harufu. Harufu ilikuwepo kweli, na ni vizuri msilale kwenye chumba kilichopakwa rangi ya mafuta kwa siku mbili tatu, madirisha yawe wazi, hasa kama kuna mjamzito au mtu wa pumu. Ila yeye alilala huko siku sita.

Mimi ndiye mhariri ninayepitisha makala za "ongea na mwenzako" kila mwezi. Barua zenu nazisoma, majibu nayatoa. Na kwenye nyumba yangu mwenyewe nilikuwa sijui kitu kimoja, kwamba kabati lile ndilo kitu cha mwisho baba mkwe alichokitengeneza kwa mikono yake. Miaka yote mume wangu hakuwahi kuniambia, na mimi sikuwahi kuuliza. Nililiita "lile likabati". Siku ya saba ndiyo akaniambia, tukiwa tumekaa barazani, na akaniambia akiwa anatazama ziwa, siyo mimi. Alisema akiwa mdogo alikuwa anashika ule upande mwingine wa msumeno.

Nikamuomba radhi. Kisha nikamuita fundi.

Fundi alikwangua nyuma ya kabati kwa kisu, akanusa, akatikisa kichwa. "Dada, huu ni mninga. Nani kakutuma upake mninga rangi?" Nikapewa darasa. Mninga ni mti wa misitu ya miombo, Tabora ikiwemo, na mbao za huko zimekuwa na njia ya kufika kwetu tangu reli ilipoingia Mwanza mwaka 1928. Ukiujeruhi mti wenyewe hutoa utomvu mwekundu kama damu. Mbao zake hazipindi ovyo, mchwa hawazipendi, na huchukua miaka mingi sana kukomaa, ndiyo maana siku hizi mninga mnene ni adimu na bei yake haishikiki. Yale madoa ya chai yalikuwa rangi ya mti wenyewe ikipenya kwenye rangi yangu ya maji ya maziwa. "Umeufunika, umekataa kufunikwa," alisema fundi. Kuutambua si vigumu. Kwangua kidogo mahali pasipoonekana, kama nyuma au chini ya droo. Ukikuta kahawia yenye wekundu na mistari mizuri, weka brashi chini. Mkongo na mvule nayo ni hivyo hivyo. Hizo husafishwa na kupakwa vanishi isiyo na rangi, basi.

Kuiondoa rangi kulichukua wikiendi tatu. Usithubutu kutumia moto, moshi wake ni sumu na mbao itaungua. Tulitumia dawa ya kubandua rangi tukiwa na glovu za mpira, nje kwenye hewa, tukakwangua taratibu kwa chuma butu, halafu msasa namba 80, 120, na 240. Vumbi la mninga lenyewe huwasha ngozi na kifua kwa baadhi ya watu, kwa hiyo barakoa si urembo. Nimesema "tulitumia" kwa sababu Jumamosi ya kwanza nilianza peke yangu. Saa nne hivi mume wangu akatoka ndani na kaptula yake ya zamani, akachukua msasa bila neno, akaanza mlango wa kushoto.

Jumamosi ya pili tulikuwa tunaongea. Yaani tunaongea kweli, siyo ada ya shule na luku. Aliniambia habari za baba yake ambazo kwa miaka kumi na moja ya ndoa sikuwahi kuzisikia, jinsi alivyokuwa akipima kwa kidole gumba, jinsi alivyomchapa kwa kuacha patasi kwenye umande. Mimi nikamwambia kwa nini chumba kile kilikuwa kinaninyima raha, kwamba nilikuwa najiona nalala kwenye stoo ya watu wengine. Hakulijua hilo. Alidhani napenda tu mambo ya kisasa.

Tulipofika ubao wa nyuma, chini ya ule weusi wa vanishi ya zamani ikatokea mistari ya penseli. Vipimo, kwa futi na inchi, na pembeni mwaka: 1979. Mume wangu alikaa chini akaacha kusugua. Sehemu ile hatukuigusa tena, tuliipitishia vanishi tu juu yake. Ile vanishi ya kwanza tuliizimua kwa tina, robo moja, ili inywewe na mbao, kisha mikono miwili iliyobaki tukaipaka kama ilivyo, tukipitisha msasa laini katikati.

Sasa kabati lina rangi ya asali na linarudisha mwanga badala ya kuumeza. Kitanda cha maziwa na bluu kimekaa mbele yake, na niamini, vinaelewana kuliko kama vingefanana. Masanduku yamehamia stoo halisi. Pasi imetafutiwa kona yake.

Mwezi uliopita mama mkwe alikuja kutoka Ngudu. Aliingia chumbani, akalishika kabati kwa viganja vyote viwili kama anavyoshika uso wa mjukuu, akanyamaza kidogo. Halafu akanigeukia. "Mayu, na stuli yake iko wapi? Vilitengenezwa pamoja."

Stuli nilimpa binti aliyekuwa akitusaidia kazi, siku alipoolewa Magu. Nimeshampigia simu. Anasema ipo, mtoto wake ndiyo anakalia akila uji, na hatuwezi kwenda kumnyang'anya. Jumamosi hii tunakwenda na fundi na futi yake kuipima tu, atutengenezee ya kufanana. Mume wangu anatafuta mninga.