Kimeng'enya Proteinasi 3 katika Ukuaji na Ukomaaji wa Seli za Lukemia: Ufafanuzi kwa Muktadha wa Mkoa wa Mara

Lukemia ni saratani inayoanzia katika uboho wa mifupa, mahali zinapotengenezwa seli za damu. Mkoani Mara ugonjwa huu una kumbukumbu ya pekee: ndio uliosababisha kifo cha Mwalimu Julius Nyerere, aliyefariki dunia London tarehe 14 Oktoba 1999 na kuzikwa Butiama, alikozaliwa. Hata hivyo, jina la jumla "saratani ya damu" hufunika magonjwa yanayotofautiana. Mwalimu aliugua lukemia sugu ya limfosaiti, ilhali kimeng'enya kinachojadiliwa hapa huhusika na seli za ukoo mwingine, yaani ukoo wa mailoidi.

Katika hali ya kawaida, seli changa ya mailoidi hugawanyika mara kadhaa, hukomaa, kisha huacha kugawanyika. Katika lukemia kali ya mailoidi, mpangilio huo huvurugika: seli hubaki changa na huendelea kuongezeka. Proteinasi 3, iitwayo pia mieloblastini, ni kimeng'enya kinachokata protini. Seli changa ndizo hukizalisha. Zinapokomaa, uzalishaji huo huzimika, na kiasi kilichokwisha kutengenezwa huhifadhiwa katika vijifuko vya seli kwa ajili ya kupambana na vijidudu.

Mwaka 1989, utafiti uliochapishwa katika jarida la Cell ulionesha kuwa uzalishaji wa mieloblastini ulipozuiwa katika seli za HL-60, ambazo asili yake ni mgonjwa wa lukemia, seli hizo ziliacha kuongezeka zikaanza kukomaa. Hivyo basi, kimeng'enya hiki si alama tu ya uchanga wa seli, bali huchangia kuudumisha. Mwaka 2002 ilibainishwa njia mojawapo: proteinasi 3 huikata protini p21, ambayo kazi yake ni kusimamisha mzunguko wa mgawanyiko. Breki hiyo ikikatwa, seli huendelea kugawanyika.

Matokeo hayo yalipatikana maabara, na hayatoshi kuwa msingi wa tiba. Umuhimu wake ni kuonesha kwamba lukemia yaweza kukabiliwa kwa kuzielekeza seli zikomae, si kwa kuziua pekee. Lakini mbinu ya namna hiyo hutegemea kujua kwanza ni ukoo upi wa seli ulioathirika.

Hapo ndipo suala hili linapomgusa mgonjwa wa Musoma, Bunda au Butiama. Homa isiyokoma, upungufu wa damu na kutokwa damu kwenye fizi huweza kudhaniwa kuwa malaria au maradhi mengine yaliyozoeleka. Kuhesabu seli za damu na kuzichunguza kwa hadubini huweza kuzua shaka ya lukemia. Kuthibitisha aina yake huhitaji vipimo vya uboho, na mgonjwa hupewa rufaa, kwa mfano kwenda Bugando, Mwanza. Kwa kuwa lukemia kali huweza kuua ndani ya wiki chache, utambuzi wa mapema wa aina ya ugonjwa ni sehemu ya tiba yenyewe.